Kwa nini picha ya wino mtupu inatisha kuliko ya rangi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nachora kwa bolpeni tangu nikiwa shule ya msingi. Juzi kwenye kundi letu la wachoraji la WhatsApp ilitumwa picha ya maabara imejaa chupa na mitungi ya kioo, mwenye maabara yupo na lile dude alilolitengeneza, Frankenstein. Wakasema kaichora Bernie Wrightson. Hakuna rangi hata tone, ni mistari mitupu, lakini niliiangalia usiku nikashindwa kulala. Hivi mistari ile yote kaichora kwa mkono? Siri yake ni uvumilivu tu au kuna jambo jingine? Na mimi niliyeko Kigoma naweza kujifunza kwa bolpeni, au lazima nitafute kalamu maalumu? Mama naye analalamika kwamba nachora mashetani."

Marahaba, mdogo wangu.

Ndiyo, kwa mkono, mmoja mmoja. Bernie Wrightson alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1948, akafariki 2017. Picha za Frankenstein zilimchukua takribani miaka saba, kwa kalamu na brashi, na hakuna aliyemlipa kuzichora. Alikuwa akila kwa kazi nyingine, hizi akizirudia kila alipopata nafasi. Zilitoka kitabuni mwaka 1983 pamoja na maneno ya Mary Shelley mwenyewe, ambaye riwaya yake, Frankenstein, ilichapishwa mara ya kwanza London mwaka 1818.

Watu wakishasikia "miaka saba" hutikisa kichwa, husema huyu jamaa ana subira, kisha hupita. Hapo ndipo wanapoikosa picha. Subira peke yake haimtishi mtu. Nimeona vijana wengi wakijaza karatasi nzima kwa mistari myembamba ajabu, na kinachotoka ni kijivu kizuri kisicho na habari yoyote. Kilichokunyima usingizi ni kwamba mistari ile ilikuchelewesha. Kwenye picha ya rangi mara nyingi jicho linafika kwa dude moja kwa moja, linashtuka, linaondoka. Kwa Wrightson jicho linakwama kwenye chupa ya kwanza, likijinasua linakwama kwenye mrija, kwenye ubao, kwenye kikorokoro kingine, na kila kimoja kimechorwa kwa ukamilifu kiasi kwamba unakiamini. Unapofika kwa lile dude, umeshaamini chumba kizima. Huwezi tena kujiambia kwamba hicho kimoja ni cha uongo. Woga wa namna hii hauji kwa kishindo, na kazi ya mistari ni kukuweka pale mpaka uje.

Kwa nini wachoraji wa zamani walichora hivi? Sababu ya kwanza haikuwa sanaa, ilikuwa mtambo wa kuchapia. Wino wa chapa ni mweusi, karatasi ni nyeupe, kijivu hakipo. Ukikitaka sharti ukitengeneze kwa kupanga weusi na weupe karibu karibu mpaka jicho livichanganye lenyewe. Katika karne ya 19, kwa miaka mingi, picha za vitabu na magazeti zilichongwa kwenye mbao ngumu. Mchoraji anachora juu ya ubao, kisha fundi anaondoa kwa kichongeo chembamba kila sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe, na mstari mweusi unakuwa kile alichokinusuru. Gustave Doré, Mfaransa aliyezaliwa 1832 na kufa 1883, yule mwenye picha za kuzimu, hakuchonga mbao zake mwenyewe. Alikuwa na mafundi, na picha zake nyingi zina sahihi mbili chini, yake na ya mchongaji. Ukikutana na picha ya Doré, itafute ile sahihi ya pili. Naona ni dhuluma kwamba mafundi wale hawatajwi.

Baadaye ikaja njia ya kupiga mchoro picha na kuuhamishia kwenye bamba la zinki, tindikali ikala kila kisichokuwa mstari. Kuanzia hapo mkono wa mchoraji ulimfikia msomaji bila fundi katikati. Lakini bamba nalo lilikuwa na sharti lake: linajua nyeusi na nyeupe tu. Ukizimua wino kwa maji upate kivuli laini, bamba halielewi. Kwa hiyo kivuli chote, cha ukungu, cha kaburi, cha shavu la maiti, kikabaki kuwa kazi ya mistari.

Hapo anaingia mtu ambaye nataka umjue kuliko wote, kwa sababu wewe huna mwalimu wa karibu. Franklin Booth alizaliwa 1874, akakulia shambani huko Indiana. Akiwa mtoto aliona picha magazetini, akadhani zimechorwa kwa kalamu. Kumbe zilikuwa za kuchongwa kwenye mbao. Akaziiga kwa kalamu, mstari kwa mstari, bila mtu wa kumsahihisha. Alipokuja kujua ukweli, mkono ulikuwa umeshazoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyompa jina. Mawingu yake na miti yake mirefu, vyote vimejengwa kwa mistari iliyolala sambamba, mahali inanenepa na mahali inakonda.

Wrightson alimsoma Booth kwa makini. Alisema alitaka kitabu chake kionekane cha kale, picha zake zifanane na zile zilizochongwa kwenye mbao au kwenye chuma. Sasa angalia mfuatano huo. Mafundi walichonga mistari kwa kuwa mtambo uliwalazimisha. Booth akaiiga bila kujua. Wrightson akaiiga akijua, wakati mitambo ya 1983 ingemchapia kijivu chochote anachotaka. Kwake mistari ilikuwa hiari, na mtu anayechagua njia ngumu kwa hiari ana sababu. Sababu yake ni ile niliyokueleza: alitaka ukae chumbani.

Tuje kwenye namna ya kuitazama. Kwanza, picha uliyoiona kundini imebanwa na WhatsApp, na kwa michoro ya mistari huo ni msiba. Mistari iliyokaribiana imeungana ikawa utusitusi. Mwombe aliyeituma aitume upya kama dokumenti. Kisha ikuze mpaka kipande kisichozidi stempu ya posta kijaze kioo chote cha simu, ukae na kipande hicho hicho.

Fuatisha mwelekeo wa mistari kwa kidole. Kwenye chupa inazunguka, kwenye ubao inakwenda na urefu wa mti, kwenye nguo inashuka na mkunjo. Halafu nenda usoni mwa kile kiumbe. Mary Shelley alikielezea kuwa na ngozi ya njano isiyotosha kufunika misuli na mishipa, nywele nyeusi zinazong'aa, meno meupe, macho ya majimaji na midomo myeusi. Wrightson alifuata kitabu, akaachana na kichwa bapa na vyuma vya shingoni ambavyo watu wamevizoea kutokana na sinema ya mwaka 1931. Kwa hiyo mistari ya uso ule haizunguki kama ambavyo ingezunguka kwenye shavu la mtu mwenye afya. Inavutwa, inafuata kano, inazama mahali ambapo ungetarajia nyama. Wewe umeishi na nyuso za watu tangu uzaliwe. Jicho linagundua kwamba ngozi hii inakwenda njia isiyo yake, na nywele zinakusimama kabla hujajua kwa nini.

Tazama pia unene. Nibu ya kuchovya, ile ncha ya chuma ya kalamu inayochovywa kwenye wino, ina ncha mbili zilizogusana. Ukiikandamiza zinaachana, wino unashuka kwa wingi, mstari unanenepa. Ukilegeza mkono zinarudi. Ndiyo maana mstari mmoja huanza mwembamba kabisa, ukavimba katikati, ukaishia hewani. Chunguza pale unapoishia. Ukielekea kwenye mwanga, mchoraji mzuri haukati, anaunyanyua mkono taratibu mpaka uishe wenyewe.

Mistari inapokatizana, angalia pembe. Anayeanza hukatiza kwa pembe mraba, mmoja umelala na mwingine umesimama, na kivuli kinageuka wavu wa dirishani. Wakongwe hukatiza kwa mshazari mdogo, ili vijinafasi vinavyobaki viwe virefu na vyembamba, na jicho liteleze juu yake badala ya kuvihesabu. Tabaka la tatu linakuja tu pale giza linapohitajika kweli.

Lakini sehemu ninayokuomba uitazame kuliko zote ni ile isiyo na mstari. Mng'ao ulio begani mwa chupa haukuchorwa. Ni karatasi iliyoachwa. Kwenye wino hakuna ufutio. Rangi nyeupe ya kufunikia ipo na wachoraji huitumia, ila nyeupe ya karatasi ina uhai wake. Hii maana yake ni kwamba kabla ya kugusa karatasi mchoraji ameshaamua ni wapi hatagusa mpaka mwisho, na akayashika maamuzi hayo mamia kwa wakati mmoja huku akijaza giza pande zote. Hapo ndipo mimi ninaposhangaa. Wingi wa mistari unanifurahisha, lakini nikiziona zile nyeupe zilizonusurika katikati ya giza ndipo ninapojua kwamba huyu bwana alikuwa akiona picha nzima tangu mstari wa kwanza.

Na mwanga wenyewe unatoka wapi? Mara nyingi ni taa moja tu, kali, upande mmoja. Kwa hili, wewe wa Kigoma una darasa la bure. Nenda Kibirizi jioni wavuvi wa dagaa wanapojiandaa, lakini chagua siku za giza, maana mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi. Mtazame mtu aliyeinama karibu na karabai, au hizi taa za sola za siku hizi. Nusu ya uso imekuwa nyeupe haina hata alama. Pua imetupa kivuli kirefu. Tundu la jicho limejaa giza. Sikio la upande wa pili halipo kabisa, lakini wewe unaliona, kwa kuwa akili imelijaza yenyewe. Sasa rudi kwa Wrightson uone alivyoitumia sheria hiyo, kisha akaongeza yake: upande wa giza, ukingoni kabisa mwa shavu au bega, anaacha uzi mmoja wa nyeupe unaolitenganisha umbo na giza la nyuma. Bila uzi huo kiumbe kingemezwa. Kwa uzi huo kinatoka gizani kukujia.

Ungeniuliza ni nani anayenitisha zaidi, nisingemtaja Wrightson. Ningemtaja Harry Clarke wa Dublin, Ireland (1889–1931). Kazi yake kubwa ilikuwa vioo vya rangi vya madirisha ya makanisa, kazi aliyoanzia kwenye karakana ya baba yake. Mwaka 1919 kilitoka London kitabu cha hadithi za Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyeandika hadithi za kutisha, chenye picha za Clarke. Clarke hajazi chumba vitu kama Wrightson. Anatandaza weusi mzito kurasa nzima, kisha ndani ya weusi huo anapanda vidoti, maua, mapambo ya nguo, madogo mno, kila moja limekamilika. Watu wake wana vidole virefu kupita kiasi na macho yaliyotoka. Na mapambo hayo hayakomi. Yanaanzia kwenye vazi la bibi, yanapita kwenye pazia, yanaingia kwenye sanda, yanafika mpaka kwenye mwili unaooza, na kote mkono wake ni ule ule, wenye upendo ule ule. Ungetarajia kwamba akifika kwenye uozo atapunguza uzuri. Hapunguzi. Hicho ndicho kinachonifanya nifunge kitabu kwanza, nitembee kidogo, ndipo nirudi.

Usije ukadhani kwamba wingi wa mistari ni sharti. Aubrey Beardsley wa Uingereza alichora picha 4 za hadithi za Poe mwaka 1894, na kazi yake ni weupe mpana, weusi mpana na mistari michache isiyotetereka. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1898 akiwa na miaka 25. Virgil Finlay, Mmarekani wa 1914–1971, alikwenda kinyume chake kabisa. Kwenye Weird Tales, gazeti la hadithi za ajabu na za kutisha, alikoanza kuonekana mwaka 1935, alijenga nyuso kwa nukta tupu. Alichovya nibu, akagusisha tone peke yake kwenye karatasi, akafuta ncha, akachovya tena. Namheshimu sana Finlay, ila nitasema kweli: picha zake mara nyingine zinapendeza mno, woga unaniondoka. Edward Gorey naye (1925–2000) alifunika kuta na mazulia kwa mistari ya kalamu, na jambo baya likawa limetokea tayari au liko nje ya picha.

Kama unasoma manga, yaani katuni za Kijapani, bila shaka unamjua Junji Ito wa Japani, aliyezaliwa 1963, ambaye kabla ya kuwa mchoraji alikuwa fundi wa meno bandia. Manga yake iitwayo Uzumaki aliitoa 1998 na 1999. Yeye ananipinga, na ni vizuri nikuonyeshe. Kurasa zake za kawaida ni safi, nyuso zina mistari michache. Ukifunua ukurasa wa jambo lenyewe la kutisha, mistari inaongezeka ghafla, nywele zinajisokota, ngozi inajikunja kwa mizunguko isiyokwisha. Wrightson anakuchelewesha njiani kabla hujafika. Ito anakufikisha haraka halafu anakuzuia pale pale ulipotaka kukimbia.

Kuhusu mama, usibishane naye. Msimulie hadithi. Kijana msomi, huyo ndiye Frankenstein mwenyewe, anaunda kiumbe, kinapofumbua macho anakikimbia. Kiumbe kinabaki peke yake, kinajificha kando ya nyumba ya watu maskini, kinajifunza kusema kwa kuwachungulia kwenye ufa wa ukuta, usiku kinawakusanyia kuni bila wao kujua ni nani. Siku kinapojitokeza kinapigwa fimbo. Mama yako naye alikua akisimuliwa hadithi za mazimwi, anajua zina kazi gani. Akishajua habari ya kiumbe kile, mwonyeshe uso aliouchora Wrightson, umwachie aangalie. Uso ule una huzuni ambayo mtu mzima haikosi.

Sasa bolpeni. Endelea nayo. Ina jambo ambalo nibu haina: ukiigusisha kwa wepesi inatoa mstari hafifu wa karibu kijivu, kwa hiyo unaweza kujenga giza polepole. Mapungufu yake ni kwamba mstari haunenepi, na wino unakusanya bonge kwenye kigololi. Weka kitambaa kwenye mkono wa kushoto, ufute ncha kila baada ya mistari michache, hasa unapokaribia usoni. Unene uupate kwa kupitisha mstari wa pili kando ya wa kwanza, ukianza baadaye na kumaliza mapema. Karatasi ya daftari achana nayo, inakunywa wino. Tafuta kwenye steshenari karatasi nene yenye uso laini, na msimu wa mvua ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, maana ikishanyonya unyevu wa ziwani mstari unatawanya. Kazi unayoipenda usiibandike ukutani penye jua, wino mwingi wa bolpeni hupauka.

Nibu za kuchovya usizitegemee kwenye maduka ya karibu. Mwagize mtu anayekwenda Dar es Salaam, na kabla hajarudi tengeneza kalamu ya tete, kwa kuwa matete unayo ufukweni. Kalamu ya namna hiyo ndiyo iliyoandika misahafu na tenzi za pwani kwa karne nyingi. Chukua tete kavu lenye unene wa kidole kidogo, likate mshazari kwa wembe, kwangua nyuzi za ndani, punguza pande mbili mpaka ncha ibaki kama milimita 1, kisha pasua ufa mdogo katikati, urefu wa sentimita 1. Ufa huo ndio unaoshusha wino, ukiusahau kalamu itadondosha tone moja na kukauka. Wino mweusi usiopauka ni masizi na gundi. Kinga masizi ya kibatari kwenye sahani, yasage na utomvu wa mgunga uliolainishwa kwa maji ya moto mpaka yasiwe na punje. Mstari wa tete ni mnene, hautakupa wembamba wa mistari ya Booth, lakini utaufundisha mkono kukandamiza na kulegeza, jambo ambalo bolpeni haikufundishi.

Mchoro wa kuanzia uwe shina la mchikichi mzee, wenye mabaki ya makuti yaliyokatwa. Nenda jioni, umulike kwa tochi upande mmoja. Usichore mti mzima. Chukua sehemu ya ukubwa wa kiganja, na kabla ya mstari wa kwanza zungushia kwa penseli hafifu kila mahali patakapobaki peupe. Kisha chora giza tu. Ukimaliza ipige picha kivulini mchana, unitumie kama dokumenti, nami nitakuzungushia mahali ulipojaza mno.